Mwalimu wa mtoto mmoja na asikilize kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo wazazi huniuliza karibu kila juma, na ambalo wasomaji wako nao hulalamikia: kwamba mtoto ametafutiwa mwalimu wake wa peke yake, anahudhuria vipindi vyote, daftari limejaa, na bado mtihani ukija anabaki palepale alipokuwa. Mimi ni mwalimu wa masomo ya ziada. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa meza moja na mwanafunzi mmoja, saa moja au saa moja na nusu, tukishughulika zaidi na hesabu na mara nyingine na lugha. Malalamiko hayo nayaona ni ya haki, na mara nyingi chanzo chake hakihusiani na uvivu wa mtoto wala uchache wa vipindi. Mwalimu amechukua ufundishaji wa darasani, ule wa kusimama mbele ya watoto 40 na kueleza, akauhamishia kwenye meza ya mtoto mmoja bila kubadilisha chochote.

Maelezo yanaweza kutolewa mbele ya watu 40 na yakafaa. Kitabu hueleza, redio hueleza, video za kwenye intaneti hueleza, na nyingine hueleza vizuri kuliko mimi. Kitu ambacho mwalimu wa mtu mmoja anacho na wengine wote hawana ni nafasi ya kuona mwanafunzi huyu, leo hii, anawaza nini hasa pale anapokosea. Akiitumia saa yake yote kuzungumza, nafasi hiyo ameitupa, na mzazi analipia kwa mara ya pili kitu ambacho mtoto alishakipata shuleni.

Mwanafunzi mmoja aliletwa kwangu kwa maelezo kwamba hesabu za kutoa hazimwingii kichwani. Nikampa 403 kutoa 178. Aliandika 375, haraka, bila kusita. Mwalimu mwenye haraka angeweka alama ya kosa na kuanza upya: mamoja, makumi, mamia, azima kwa jirani. Mimi nilimwomba anisomee alichokifanya, kidole kikiwa juu ya kila tarakimu. Akasema: nne na moja, inabaki tatu, saba na sifuri, inabaki saba, nane na tatu, inabaki tano. Hapo siri ikawa wazi. Katika kila safu alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini, kwa sababu huko nyuma aliwahi kuambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo. Nikampa nyingine, 71 kutoa 46, na kabla hajaigusa nikaandika kwenye kipande cha karatasi jibu nililolitarajia kwake, 35, nikakifunika. Akaandika 35.

Mtoto huyo hakuwa anabahatisha. Alikuwa na kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu kila siku, na kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro. Jambo hili si geni kwa waliochunguza makosa ya wanafunzi. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao ulioonyesha kwamba makosa mengi ya hesabu za kutoa, ambayo kwa macho yanaonekana ya ovyo, hutokana na hatua potofu ambazo mwanafunzi huzirudia vilevile kila mara, kiasi kwamba aliyezifahamu anaweza kutabiri jibu lisilo sahihi kabla halijaandikwa. Kwa mtoto wa namna hiyo, kueleza kanuni sahihi kwa mara ya tano hakusaidii, kwa maana anayasikia maelezo hayo huku ameshika kanuni yake, na akifika kwenye zoezi anafuata ile aliyoizoea.

Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwomba ajumlishe 375 na 178 tuone kama tunarudi kwenye 403. Akapata 553. Aliitazama kwa muda mrefu, akarudia kujumlisha, akapata ileile, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Imezidi." Tangu hapo hamu ya kujua ilikuwa yake na haikuwa yangu tena. Tukachukua vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na vifungu kumi vikafungwa pamoja kuwa mia, akapanga mbele yake mamia manne na vijiti vitatu. Alipotakiwa kuondoa vijiti vinane akakuta ana vitatu tu, na pa makumi hapana kitu, akanitazama nimwambie. Nikanyamaza. Baada ya kitambo akafungua kamba ya fungu la mia moja, akapata mafungu kumi ya kumi, akafungua moja kati ya hayo, na kwa mikono yake mwenyewe akaona kwa nini sifuri ile ya katikati inageuka tisa. Akabaki na 225. Shughuli hiyo yote ilichukua karibu kipindi kizima kwa swali moja, na mzazi aliyekuja kumchukua aliliona daftari karibu jeupe, akakunja uso. Nilimwelewa. Ukurasa uliojaa unampa mzazi faraja, lakini kipindi hicho kilichoacha ukurasa mtupu kilimfaa mwanawe kuliko vyote vilivyotangulia.

Sisemi haya kumlaumu mwalimu wa darasani. Yeye hawezi kumkalisha kila mmoja na kumwuliza alichofanya kwenye kila safu. Kengele ingelia hajamaliza mstari wa kwanza. Art Graesser na Natalie Person, katika utafiti walioutoa mwaka 1994, walieleza kwamba darasani mwanafunzi mmoja huuliza kwa wastani maswali 0.11 kwa saa, yaani swali moja katika saa tisa hivi, ilhali anapokuwa peke yake na mwalimu huuliza 26.5 kwa saa. Mtoto anayekaa kimya darasani hakosi maswali. Anakosa mahali pa kuyauliza pasipokuwa na macho ya wenzake. Kwa hiyo anapofika kwetu amebeba maswali ya miaka, mengine ameshayasahau kama ni maswali, na kazi yetu ya kwanza ni kuyapa nafasi yatoke.

Kwa sababu hiyo kipindi changu cha kwanza na mwanafunzi mgeni huwa sifundishi. Namwomba alete madaftari ya zamani na mitihani iliyosahihishwa, tunayapitia pamoja, na kila penye alama nyekundu namwomba anieleze alikuwa anawaza nini siku ile, nami naandika maneno yake kama yalivyo. Kisha nampa maswali mepesi kuliko ya darasa lake, nikishuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka nifike pale anapojibu bila wasiwasi na kutoa sababu. Mara nyingi ngazi hiyo iko chini sana kuliko shule inavyodhani. Kijana anayehangaika na milinganyo ya aljebra unaweza kumkuta kwamba alama ya kutoa mbele ya mabano ndiyo inayompoteza, na ukishuka zaidi ukakuta kwamba namba hasi hakuwahi kuzielewa tangu zilipofundishwa. Ukiendelea kumfundisha milinganyo juu ya udongo huo, utamfundisha mwaka mzima.

Kuna neno moja ambalo nimejizuia kulitumia, na nilipata taabu kuliacha. Neno lenyewe ni "Umeelewa?" Mtoto mwenye adabu anajua jibu linalompendeza mtu mzima, naye hujibu ndiyo. Wengine husema ndiyo kwa unyofu kabisa, maana wakati mwalimu anaeleza, kila hatua ilionekana kufuata ile iliyotangulia, na kufuata kwa macho kunafanana sana na kuelewa. Badala yake nafunga daftari na kusema: sasa mimi ndiye mwanafunzi, nifundishe. Au nampa swali ambalo lina kosa nililoliweka kwa makusudi, nimwombe alitafute na aniambie aliyelifanya alikuwa anawaza nini. Mwanafunzi anayeweza kueleza kosa la mwingine ameelewa. Anayeweza tu kurudia hatua za mwalimu, bado.

Ukishauliza, ngoja. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuingilia, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yalirefuka na wale waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Darasani sekunde tatu ni nyingi kwa sababu kuna mikono iliyonyooshwa. Mezani petu hakuna mwingine wa kujibu, na sioni sababu ya mtu kutosubiri 10, hata 20. Nimejifunza kuangalia mkono wa mtoto badala ya uso wake: kalamu ikiwa inasogea juu ya karatasi bila kuandika, anafikiri, na neno lolote nitakalolisema wakati huo litamkata. Kalamu ikilazwa mezani, hapo ndipo anahitaji msaada.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya kueleza sana ni kuuliza sana, na hapa nataka kwenda taratibu, kwa sababu kuuliza nako kuna mtego wake. Mfano wa kale unaojulikana sana wa mwalimu na mwanafunzi mmoja ni ule ulioandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wa mwalimu wake Socrates akimwuliza maswali mtoto mtumwa ambaye hakuwahi kusoma jiometri. Mraba una upande wa futi mbili, eneo lake ni futi za mraba nne. Je, mraba wenye eneo maradufu una upande gani? Mtoto akasema futi nne, wakachora, wakapata 16. Akasema tatu, wakapata tisa. Akakiri kwamba hajui, na Socrates akafurahi, akasema sasa yuko mahali pazuri kuliko mwanzo, maana mwanzo hakujua na alidhani anajua. Mwishoni walifika kwenye mraba uliochorwa juu ya ulalo wa ule wa kwanza, yaani mstari unaotoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, wenye eneo la futi za mraba nane. Sehemu ya kwanza ya mazungumzo hayo ni somo kubwa kwa kila anayefanya kazi yetu: makosa mawili yaliachwa yafike mwisho wake, yakaonekana, na mwenye makosa ndiye aliyeyakataa. Sehemu ya mwisho naipenda kidogo, kwa sababu kufika hapo Socrates mwenyewe ndiye anayechora ulalo na kuutaja jina, na mtoto kazi yake karibu yote ni kusema ndiyo.

Maswali ya namna hiyo ya mwisho ndiyo yanayojaza vipindi vingi vya masomo ya ziada. "Si tunatafuta kwanza asili inayofanana, ile namba ya chini ya sehemu?" Ndiyo. "Halafu tunazidisha juu na chini, au siyo?" Ndiyo. Mwalimu anatoka akiamini kwamba mwanafunzi ametatua swali, kumbe amelitatua mwenyewe na kuazima sauti ya mtoto. Chukua mwanafunzi anayejumlisha nusu na theluthi akapata sehemu mbili za tano, kwa kuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Swali linalomfaa halitaji asili wala kiasi, ile namba ya juu. Namwuliza: jibu lako ni kubwa kuliko nusu au dogo? Tunakata kipande cha karatasi, anakikunja, analinganisha, anaona kwamba mbili za tano hazifiki nusu. Ulianza na nusu, ukaongeza kitu, na sasa unacho pungufu ya nusu. Simwongezei neno. Nimeona watoto wakicheka hapo, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe, na kicheko hicho hunifurahisha mimi pia kila mara, kwa kuwa najua kwamba kanuni ya zamani imeanza kulegea.

Basi mtu atauliza, msaada utolewe lini na kwa kiasi gani? David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliwachunguza watoto wa miaka mitatu, minne na mitano wakijenga piramidi ya vipande 21 vya mbao kwa msaada wa mwalimu, na katika makala waliyoichapisha mwaka 1976 walifananisha msaada wa mwalimu na jukwaa ambalo mafundi husimamisha kando ya nyumba inayojengwa. Jukwaa halibebi nyumba, na halikusudiwi kubaki. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi kuisema: mwanafunzi akishindwa, ongeza msaada hatua moja tu, akifaulu, punguza papo hapo. Hatua ya kwanza huwa ni kumwomba alisome swali tena kwa sauti, na ungestaajabu ni mangapi yanaishia hapo. Ya pili ni kumwuliza kinachotafutwa na kinachojulikana. Ya tatu ni kumpa swali dogo linalofanana. Kumwonyesha hatua yenyewe ni ya mwisho, na nikishamwonyesha nampa nyingine ya aina hiyohiyo aifanye bila mimi, la sivyo nimefanya kazi ya shule ya mtu mwingine.

Ugumu wa kanuni hiyo uko katika kupunguza. Nakiri kosa langu hapa, kwa kuwa nadhani walimu wengi wenzangu watalitambua. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimfundisha binti mmoja mwenye bidii ambaye kwangu alikuwa akipata karibu maswali yote, na kwenye mtihani akipata machache. Tulisema ni woga wa mtihani. Mzazi wake aliamini hivyo, binti mwenyewe aliamini hivyo, nami niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini. Siku moja niliitwa nje katikati ya kipindi nikamwacha na maswali manne ya aina tuliyokuwa tumeyafanya dakika chache zilizopita. Niliporudi hakuwa ameandika kitu. Aliniambia, bila kunilaumu, "Nilikuwa nasubiri useme 'mmh'." Nilianza kujiangalia, nikagundua kwamba katika kila hatua aliyokuwa akienda vizuri nilikuwa naguna kwa kukubali, na aliyokuwa akipotea nilikuwa nanyamaza au nasogea kitini. Alikuwa amejifunza kunisoma mimi. Hesabu zake zote zilikuwa zimeegemea koo langu, na chumba cha mtihani hakikuwa na koo hilo. Ilituchukua miezi kuachana na mazoea hayo, yeye na mimi. Siku hizi mtoto anapofanya swali mimi naangalia dirishani au nasoma kitu, na nikikaguliwa kwa macho nasema tu: maliza, kisha uniambie utajuaje kama ni sahihi.

Kuhusu kazi za nyumbani nitasema kwa ufupi. Mzazi anayetaka mwalimu binafsi ahakikishe kazi ya shule imekwisha na yote ni sahihi anaomba kitu ambacho kitamdhuru mwanawe. Kazi iliyopelekwa shuleni bila kosa hata moja inamnyima mwalimu wa darasani habari aliyokuwa anaihitaji. Mimi huziacha zikiwa na makosa ambayo mtoto hajayafikia, na huwaandikia wazazi kuwaeleza kwa nini.

Wanaotangaza kazi yetu hupenda kumtaja Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake mwenyewe aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tarakimu hiyo hurudiwa kana kwamba kukaa wawili mezani kunatosha. Lakini kulikuwa na kundi jingine katika majaribio hayohayo, lililobaki darasani na wanafunzi wapatao 30 kwa mwalimu mmoja, ila likawa linapewa majaribio mafupi ya mara kwa mara na kurekebishwa penye upungufu kabla ya kusonga mbele. Na mwanafunzi wa wastani wa kundi hilo aliwapita asilimia 84 ya wale wa darasa la kawaida. Waliokuwa na mwalimu wa peke yao nao walipata majaribio na marekebisho hayohayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida ilitoka katika kupima na kurekebisha, mambo ambayo mwalimu binafsi anayehubiri saa nzima hayafanyi. Na mwaka 2011 Kurt VanLehn, alipokusanya tafiti nyingi pamoja, aliona kwamba faida ya kufundishwa na mwalimu wa peke yako ni kubwa kweli, ila haifiki nusu ya ile aliyoitaja Bloom. Nawaomba wenzangu tusiwaahidi wazazi asilimia 98. Tuwaahidi kwamba tutajua mtoto wao anakwama wapi.

Kupima huko hakuna maana ya mtihani wa kutisha. Kila kipindi changu huanza kwa karatasi nyeupe na daftari lililofungwa: andika unachokumbuka cha juma lililopita, kisha fanya swali moja la juma lililopita na moja la mwezi uliopita. Wanafunzi hawapendi mwanzoni, maana wanaona walichosahau. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilichunguza hili kwa wanafunzi waliopewa kifungu cha habari. Kuna waliokisoma tena na kuna waliojaribu kukikumbuka bila kukitazama. Katika jaribio lililotolewa baada ya dakika tano, waliosoma tena ndio waliofanya vizuri. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, na waliojaribu kukumbuka wakawaacha wenzao kwa mbali. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2006, nami nayaeleza kwa kila mzazi, kwa kuwa yanajibu lile fumbo la mtoto ambaye jioni ya kipindi anajua kila kitu na siku ya mtihani hajui.

Nimezungumzia hesabu kwa sababu makosa yake yanaonekana haraka, lakini katika lugha ni vivyo hivyo. Nina mwanafunzi ambaye insha zake zilikuwa zinarudi zimeandikwa pembeni "haieleweki". Mwalimu aliyenitangulia alikuwa akizisahihisha neno kwa neno, na mtoto akinakili masahihisho kwa mwandiko mzuri. Mimi nilimwomba aigeuze karatasi na anisimulie kwa mdomo alichotaka kusema. Akasimulia vizuri, kwa mpangilio, hata kwa madoido. Tuliporudi kwenye karatasi tukaona kwamba alikuwa akiruka kila kitu anachodhani msomaji anakijua: nani amesema, walikuwa wapi, kwa nini walikasirika. Kichwani mwake vyote vilikuwepo. Sasa anaandika huku mimi nikiuliza swali moja tu, "Nani?", na juzi alilitumia swali hilo kwa insha yangu mwenyewe, pale nilipoandika sentensi isiyo na mtendaji, naye alikuwa sahihi.

Haya yote hayawezekani kama mtoto anaogopa kukosea mbele yako. Hofu hiyo haiondoki kwa kumwambia asiogope. Inaondoka taratibu anapoona kwamba kosa lake linapokelewa kwa udadisi, kwamba mwalimu anaegemea mbele badala ya kuguna, na kwamba mwalimu mwenyewe akikosea ubaoni anasema nimekosea na kurudi nyuma kutafuta wapi. Sifa nazo zinahitaji uangalifu. "Wewe una akili sana" inamfanya mtoto alinde sifa hiyo kwa kukwepa maswali magumu. Namwambia alichokifanya: umerudi kukagua bila kuambiwa, umechora picha kwanza, umesema hujui mapema badala ya kuandika chochote. Wazazi wanaokaa chumbani wakati wa kipindi nawaomba kwa heshima watoke, isipokuwa mara moja moja, maana mtoto anayetazamwa na mzazi wake humjibu mzazi na si mwalimu.

Mzazi anayetaka kujua kama anapata alicholipia, asihesabu kurasa. Asimame nje ya mlango dakika kumi na kusikiliza ni sauti ya nani inayosikika zaidi, kisha akiingia aangalie kalamu iko mkononi mwa nani. Amwulize mwalimu: mwanangu anaamini nini kisicho sahihi? Mwalimu anayejibu kwamba mtoto ni mzito, au hana msingi, au hana umakini, bado hajamtazama. Anayejibu kwamba mtoto huyu anadhani 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko nne, huyo ameshaanza kazi. Na amwulize pia: utaacha lini? Swali hilo walimu wengi hawalipendi, kwa sababu riziki yetu iko humo, lakini lazima liulizwe, na linapaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Kijana yule wa 403 kutoa 178 tulikuwa naye kwa miezi saba. Kutoka vipindi viwili kwa juma tulishuka hadi kimoja, kisha kimoja kila majuma mawili. Katika vile vya mwisho alikuwa anakuja na maswali aliyoyachagua mwenyewe kutoka kitabu cha shule, anayafanya, anajumlisha jibu kurudi nyuma kuona kama limekaa, anafuta, anaandika upya, na mimi nikiwa ng'ambo ya meza na kazi zangu nyingine. Katika kipindi cha mwisho kabisa aliniuliza kitu kimoja tu, kama anaweza kuvichukua vile vijiti akamfundishie mdogo wake. Nikampa, na kamba zake.

Wako,
Mwalimu wa masomo ya ziada